Muulize Mwalimu: Tuna siku mbili Kigali, tuanzie wapi?

Barua ya kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma chuo hapa Mwanza. Likizo hii mimi na mwenzangu tumepanga kwenda Kigali kutembea. Tutakuwa na siku mbili kamili na hela si nyingi. Mimi napenda mambo ya jeshi, na nimesikia kuna makumbusho ndani ya Bunge lao, juu ya paa kuna bunduki kubwa. Nataka picha pale. Mwenzangu anataka majengo ya zamani. Tunabishana tuanze na lipi, na kaka yangu anatucheka, anasema tunapoteza nauli, Kigali ni usafi tu hakuna cha kuona. Tusaidie.
*J., Mwanza*

Jibu

Marahaba mwanangu. Kaka yako anasema kweli kwenye usafi. Hayo mengine ni maneno ya mtu aliyekwenda Kigali kufuata mzigo akarudi na basi la usiku.

Bunduki unayoitaka ipo. Ni sanamu ya askari wawili na bunduki ya milimita 12.7 juu ya paa la Bunge, Kimihurura, mmoja anafyatua na mwenzake anamhudumia risasi. Lakini nakuomba usianze nayo. Ukianzia pale utaona chuma, utaona vilima, utapiga picha na kushuka, na hutajua ulikuwa umesimama wapi. Mji ule unasomeka kwa kufuata tarehe. Ramani itakataa kidogo, maana utazunguka, utakwenda mashariki na kurudi tena katikati, ila pikipiki za Kigali ni nyingi na nauli yake haitakufilisi.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza mfuate mwenzako. Nendeni Nyarugenge kwenye nyumba ya Richard Kandt. Huyu alikuwa daktari Mjerumani aliyekuja huku akitafuta chanzo cha mto Nile, na mwaka 1907 akaweka makao ya utawala wa Kijerumani juu ya kilima ambacho leo ndicho Kigali. Wakubwa wake walikaa Dar es Salaam, kwa sababu Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja. Wanafunzi wengi Vita Kuu ya Kwanza wanaijua kwa mapigano ya Tanga na jina la von Lettow, kamanda wa Wajerumani, basi. Pale utakumbuka kwamba Mei 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongo, liliingia Kigali, na Septemba mwaka huohuo jeshi hilohilo likaingia Tabora. Nyumba yenyewe ni ndogo. Saa moja inatosha, msikae mpaka jua likawapita.

Kutoka hapo chukueni pikipiki mpaka Kanombe, upande wa uwanja wa ndege. Ile nyumba ya Rais Juvénal Habyarimana sasa ni makumbusho ya sanaa, na picha zilizotundikwa ukutani si mbaya, lakini wewe hukuzifuata hizo. Nyuma ya uzio wa bustani kuna mabaki ya ndege. Siku ya tarehe 6 Aprili 1994 Habyarimana alikuwa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa marais wa ukanda huu ambao mwenyeji wake alikuwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Jioni akapanda ndege yake aina ya Falcon 50 kurudi nyumbani, akampa lifti Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilipokaribia kutua ikatunguliwa kwa makombora, na vipande vyake vikaangukia uwanja wa nyumba yake mwenyewe. Mtanzania akisimama pale ana haki ya kushtuka. Saa chache kabla, watu wale walikuwa wakipeana mikono Dar. Nani alifyatua, watu wanabishana hadi leo. Ubishi huo uache nyumbani, usiufungue mbele ya mwongozaji. Yeye ana kazi yake na wewe ni mgeni.

Sasa rudini katikati ya mji, Camp Kigali. Kama hela ingewaruhusu sehemu moja tu ya kijeshi, ningewaambia iwe hii, na hilo Bunge mliache. Ni jengo dogo la kambi, kuta zake zimetobolewa risasi, matundu yamezidi kwenye pembe na kandokando ya milango, yaani pale mtu anapojibanza. Uani kuna nguzo kumi za mawe. Kila nguzo ni askari mmoja wa Ubelgiji wa kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, na michirizo iliyochongwa kwenye nguzo ni miaka aliyoishi. Usiridhike na kuambiwa. Chagua nguzo moja uihesabu mwenyewe kwa kidole, toka chini mpaka juu.

Ilikuwaje? Asubuhi ya tarehe 7 Aprili walikuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bi Agathe Uwilingiyimana, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa kemia. Nyumba ikazingirwa. Amri zao zilibana sana matumizi ya silaha. Wakazungukwa, wakanyang'anywa bunduki, wakapelekwa kambini humu. Huko kulishaenezwa uvumi kwamba Wabelgiji ndio walioitungua ndege. Wakapigwa na kuuawa, wachache wakajifungia ndani ya jengo hilo unaloliona na kujitetea kwa saa kadhaa mpaka wakamalizwa. Mama Agathe naye aliuawa asubuhi hiyohiyo.

Hapa ndipo mpenda jeshi anapotakiwa kukaza macho. Kuwaua askari kumi kulileta kile ambacho kupigana na kikosi kizima kusingeleta. Ubelgiji ikaondoa majeshi yake. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapiga kura kukipunguza kikosi kutoka watu zaidi ya 2,500 hadi 270, wakati mauaji ya kimbari ya Watutsi yanaendelea na watu wanachinjwa barabarani. Jenerali Mkanada, Roméo Dallaire, akabaki na watu wachache wasiotosha hata kulinda uwanja wa mpira.

Nina neno langu moja kuhusu Camp Kigali. Pamoja na Wabelgiji wale walikuwepo Waghana watano, wakatenganishwa na wenzao, wakapona. Na Ghana haikukimbia. Wanajeshi wake wengi walibaki hata baada ya kura ile. Alikuwepo pia Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, asiye na silaha, aliyewaficha watoto wa Mama Agathe, kisha kwa wiki nyingi akawa anavusha watu kwenye vizuizi kwa gari la Umoja wa Mataifa, watatu leo, wanne kesho, akitania na wauaji na kuwagawia sigara. Bomu lilimuua kizuizini tarehe 31 Mei 1994. Umoja wa Mataifa sasa una nishani ya ushujaa yenye jina lake. Mimi ningependa Mwafrika anayeingia ua ule atoke akiwa amesikia habari za Waafrika hawa. Ukifika, muulize mwongozaji. Wengi hufurahi kuulizwa.

Baada ya hapo, nenda sasa kwenye paa lako. Beba kitambulisho, langoni watakitaka, maana ni Bunge linalofanya kazi. Kabla ya kuingia tazama ukuta wa nje. Matundu ya mizinga yameachwa makusudi. Kuna watu hupita wakidhani mkandarasi amekimbia na hela.

Askari wa paa lile waliletwa pale na Arusha. Mkataba wa amani uliotiwa saini Arusha Agosti 1993 ulisema chama cha RPF, cha waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Habyarimana, kiingie kwenye serikali ya mpito, na viongozi wake wawepo mjini na walinzi wao. Tarehe 28 Desemba 1993 askari 600 wa RPF wakaingia Kigali wakisindikizwa na Umoja wa Mataifa, wakapangiwa jengo la Bunge, katikati ya mji wa adui, kambi ya walinzi wa rais ikiwa karibu nao. Wakaanza kuchimba mahandaki. Ndege ilipoanguka, jengo likaanza kumiminiwa mizinga, nao wakiwa wamezingirwa, wakajibu kutoka paa hilohilo, wakatoka kwenda kuokoa watu mitaa ya jirani, mpaka vikosi vya wenzao kutoka kaskazini vilipowafikia siku chache baadaye. Kigali yote ilitekwa tarehe 4 Julai. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa Desemba 2017. Ramani za ndani ni nzuri sana, zinaonyesha kila kikosi kilipita wapi, na kijana wa aina yako anaweza kukwama mbele ya ramani moja nusu saa. Kwama tu.

Ila ujue umeingia nyumba ya nani. Makumbusho yale yameandikwa na jeshi lililoshinda, na jeshi lililoshinda linasimulia ushindi. Mauaji waliyoyakomesha ni kweli, na ushujaa wao ni wa kweli. Mwanafunzi anaingia na daftari, anaandika anachoambiwa, na pembeni anaandika nani hajasema kitu.

Nitakupa mmoja wa hao. Mwaka ule nilikuwa nafundisha Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili watu kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja upande wetu, ndani ya saa 24. Walikuja na magodoro, na mbuzi, na vyerehani vichwani. Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi hilohilo la RPF lililokuwa linasonga. Wengine walikimbia kwa hofu tu, wengine walikuwa na damu mikononi, na wote walipanga foleni moja ya maji kwenye kambi ya wakimbizi ya Benako. Na chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti za waliouawa. Hawa wa foleni hutawakuta kwenye sanamu yoyote. Kwa hiyo ziara yako inaanza kabla ya Kigali. Basi likikushusha Rusumo, wakati unatembea kwenda kugonga pasipoti, simama kidogo darajani utazame maji.

Kama bado kuna mwanga baada ya Bunge, piteni Remera kwenye makaburi ya mashujaa. Amelala pale Mama Agathe niliyemtaja, yupo askari asiyejulikana jina, na yupo Fred Rwigema, aliyeongoza RPF kuvuka mpaka Oktoba 1990 akauawa siku ya pili tu ya vita. Huyu aliingia msituni akiwa kijana mdogo, mwaka 1976, kwa kuja Tanzania kujiunga na kundi la Yoweri Museveni, na mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waliopigana upande wetu kumng'oa Idi Amin. Kama babu yako alikuwa Vita vya Kagera, mpigie simu kutoka hapo.

Siku ya pili ni Gisozi peke yake, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari. Msichanganye na kitu kingine asubuhi hiyo. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000, ndani ya mji mmoja. Kuingia ni bure. Ukitaka kile kifaa cha kusikilizia maelezo unalipia, na nawashauri mlipie kimoja kila mtu, kwa sababu mkichangia mtaanza kuongea. Ndani hakuna kupiga picha. Ghorofani kuna chumba cha watoto. Zimewekwa picha kubwa za watoto, na chini ya kila picha kibao kifupi: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, halafu jinsi alivyouawa. Vibao vimeandikwa kwa mtindo uleule wa kadi za darasa la kwanza ambazo mwalimu hujaza siku ya kufungua shule, na mimi niliyejaza kadi hizo miaka yote siwezi kukaa chumba kile muda mrefu. Mwaka 2023 UNESCO ililiweka eneo hili kwenye urithi wa dunia, pamoja na kumbukumbu nyingine za mauaji hayo za Nyamata, Murambi na Bisesero.

Mkitoka msiende hotelini kulala. Shukeni Nyamirambo, Biryogo, mtaa wa Waislamu, ambao mizizi yake ni wafanyabiashara na askari waliokuja na Wajerumani kutoka pwani yetu. Mtasikia Kiswahili barabarani, mtakunywa chai, mtakula mishkaki. Na mwulizeni mzee yeyote wa pale habari za 1994. Waislamu wengi wa mtaa huo waliwaficha majirani zao, na wanapenda kusimulia. Mwenzako hapo atapata nyumba za zamani na kuridhika, ugomvi utaisha.

Kuhusu picha: mwongozaji akikuruhusu paani, piga. Lakini usijipange na vidole viwili hewani. Na askari wa barabarani, lango la Bunge na kambi, simu ibaki mfukoni.

Barua ya pili

Mwalimu, mimi ni mzazi, naishi Bukoba. Shule ya binti yangu inapanga kuwapeleka kidato cha pili Rwanda, kwenye ratiba kuna Gisozi na kanisa la Nyamata siku moja. Ana miaka 14 na ni mtoto wa kuota ndoto usiku. Nimruhusu?

Jibu

Mruhusu aende Rwanda, mzazi mwenzangu, ila Nyamata ingoje. Pale si picha wala vibao. Ni kanisa lililoko kilomita 30 hivi kusini mwa Kigali, ambamo maelfu ya watu walikimbilia Aprili 1994 wakiamini hakuna atakayewaua mbele ya altare. Nguo zao zimerundikwa juu ya mabenchi, zimeshika rangi ya udongo, benchi baada ya benchi, na paa bado lina matundu ambayo jua hupenya. Mafuvu yako chini. Mtu mzima anatoka pale hana hamu ya chakula, na kuunganisha Gisozi na Nyamata siku moja kwa watoto wa kidato cha pili ni kupanga ratiba kwa kuangalia mafuta ya basi.

Mwone mwalimu anayeongoza safari, umwulize watoto wameandaliwaje darasani, na kama mtoto ataruhusiwa kubaki nje na mtu mzima bila kuonekana mwoga. Akijibu kwamba "watazoea", mbakize binti yako nyumbani. Akikuonyesha alichowafundisha, mpeleke Gisozi, na umwambie mapema kuhusu chumba cha watoto, ili uamuzi wa kuingia uwe wake. Bustani za nje ni tulivu, akikaa huko hajakosa safari. Camp Kigali na Bunge kwa umri huo havina tatizo. Na akirudi usimwulize "umejifunza nini" mlangoni. Mwekee chakula.

Barua ya tatu

Mwalimu, naenda Kigali mara ya kwanza na kikundi cha chuo kutoka Arusha. Niambie mambo madogo madogo tu, makubwa tutayaona.

Jibu

Magari yanatembea kulia. Ukivuka barabara tazama kushoto kwanza, utasahau siku nzima ya kwanza. Saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo ukiambiwa basi ni saa tatu uliza saa tatu ya wapi. Pikipiki unavaa kofia ngumu uliyopewa hata kama imetoka kichwani kwa mwenzako dakika hiyohiyo na jasho lake. Beba kitambaa cha kichwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kule tangu 2008, kwetu 2019, lakini vile vifuko vyepesi vya karanga tunavyojifanya hatuvioni, Rusumo wanaviona. Kitambulisho cha chuo usikiache, kwenye makumbusho bei ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki iko chini ya ile ya mgeni wa mbali. Kadi ya homa ya manjano iwe kwenye pasipoti, wakiiomba usianze kupekua begi. Kiswahili ni lugha rasmi kule tangu 2017 na stendi ya Nyabugogo utaelewana bila shida. Ofisini na kwa vijana wa shule, Kiingereza kitakutoa.

Wiki ya kuanzia tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo. Unaweza kwenda, lakini muziki na sherehe hamna, na msitembee mkicheka kwa sauti kama mko Njiro. Na kama Jumamosi yenu ni ya mwisho wa mwezi, msipange chochote kabla ya saa tano asubuhi. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: maduka yamefungwa, magari hayapo, na kikundi cha vijana wenye afya wanaozurura barabarani na mabegi mgongoni kitakabidhiwa majembe.